Ngozi, plastiki na mafuta ya alizeti

Kosa lilianza na mafuta ya alizeti. Ukiwa mnunuzi wa nafaka Kibaigwa, mkoani Dodoma, hayo ndiyo mafuta yanayokuwa karibu yako wakati wote: yako kwenye dumu nyuma ya mlango, yako kwenye chapati ya asubuhi, yako kwenye shati. Siku moja ya Agosti nikayapaka kwenye kava ya ngozi ya bastola yangu, kwa sababu ilikuwa imekauka hadi inalia kama kitanda cha kamba kila nikikaa. Ikayanywa yote. Nikaongeza. Asubuhi ilikuwa laini kama sikio la mbuzi, na mimi nikajiona fundi.

(Dukani wanaiita holsta, mtaani wengi tunasema kava. Nitayatumia yote mawili.)

Bastola yenyewe ni Glock 19 na naimiliki kwa kibali. Nilianzia serikali ya mtaa nikapanda ngazi hadi polisi, nikaulizwa naitaka ya nini, itakaa wapi, nyumbani naishi na nani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtwika mwenye silaha mzigo wa kuitunza, na nadhani ni sawa kabisa. Sababu yangu ilikuwa moja. Miaka ile mkulima aliyeleta mahindi sokoni alitaka hela mkononi, azihesabu mwenyewe, azifunge kwenye khanga ya mkewe, ndipo gunia lake lishuke. Nilikuwa natoka Dodoma alfajiri na mabunda kwenye mfuko wa salfeti, nikiomba Mungu njia nzima. Siku hizi malipo mengi yanapita kwenye simu na benki, na bastola inalala kwenye sefu siku nyingi kuliko inavyotembea. Afadhali.

Aliyenishauri ngozi ni baba mdogo. Yeye ni mtu wa ng'ombe. Kwa miaka mingi Jumamosi yake ilikuwa mnadani Msalato, na kiunoni, chini ya koti ambalo halivuliwi hata jua liwake vipi, kulikuwa na rivolva ndani ya kava nene iliyoshonwa kabla mimi sijaoa. Nilipomwambia nimepata kibali, hakuuliza nimenunua bastola gani. Aliuliza nitaibebea kwenye nini. Nikamwambia nimeona za plastiki.

"Plastiki ni ya ndoo, mwanangu," akasema.

Basi nikanunua ngozi, Dar es Salaam, ya rangi ya kahawia, imeshonwa vizuri kwa nje, bei ya kati. Nisiisingizie: kwa muda wa mwaka mzima niliipenda. Ngozi inajifunza mwili wako. Mwezi wa kwanza inabana, wa pili inaanza kukubali, wa tatu unasahau kama umevaa kitu. Haina mlio, haikwaruzi ubavu, na jasho likitoka inalinyonya badala ya kulibandika tumboni. Kwenye gari, saa nzima na zaidi hadi Kibaigwa, inakaa kama mkono wa mtu aliyekuzoea.

Tatizo la ngozi kwetu ni hewa. Dodoma mvua zikikatika Aprili au Mei, hazirudi mpaka karibu na Desemba. Katikati hapo ni upepo, vumbi jekundu na ukavu unaopasua midomo ya watu, seuze ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Jasho linaingia mchana, linakauka usiku, linaacha chumvi. Ngozi inakakamaa, inapasuka mistari midogo pale inapojikunja. Ndipo mtu anapoanza kutafuta mafuta.

Wiki kama tatu baada ya ule ufundi wangu nililala gesti Kibaigwa. Asubuhi nikavaa, nikakaza mkanda, kava juu ya nyonga ya kulia, nikachukua bastola mezani, risasi moja ikiwa chemba, tayari kufyatuliwa, nikairudisha kama nilivyokwisha kuirudisha mara mia. Ikaingia nusu, ikagoma.

Hapo ndipo mazoea yanapokuponza. Kitu kikigoma, mkono unasukuma. Sisi tunasukuma magunia, milango ya maghala, hata malori yakizimika. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza. Nilitazama chini kwa sababu nilidhani nimebana shati. Haikuwa shati. Mdomo wa kava, upande ule unaogusa mwili, ulikuwa umejikunja na kuingia ndani ya pete inayozunguka triga, umelala juu ya triga kama ulimi. Na triga ilikuwa imesharudi nyuma kidogo.

Kwa asiyeijua Glock: haina kile kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kinga yake ya nje iko kwenye triga yenyewe, kijiulimi chembamba katikati, na kisipobonyezwa triga hairudi. Kinasaidia bastola ikianguka, au triga ikiguswa kwa pembeni. Lakini hakina macho. Kidole kikikibonyeza kinaachia, ngozi ikikibonyeza kinaachia vilevile. Nguvu inayotakiwa kuivuta triga ni kama kilo 2.5, na mkono unaosukuma kitu kilichogoma hutoa zaidi ya hapo bila mwenyewe kujua.

Mtutu ulikuwa unaangalia paja langu. Nikaivuta polepole, kidole nimekinyoosha mbali na triga, nikaielekeza chini kwenye kona ya ukuta wa tofali, nikatoa magazini ya risasi, nikatoa risasi ya chemba, nikakaa kitandani. Nje dada wa gesti alikuwa anafagia huku anaimba kwaya. Kama ingelia, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kufungua ule mlango. Siku hiyo nilinunua mahindi vibaya, nikapunjwa kilo, wala sikugombana na mtu.

Jumatatu nikaenda kwa fundi viatu wangu Majengo na kava mkononi, bila bastola. Akaishika, akainusa.

"Bosi, hii ulikuwa unaikaanga?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka nyundo chini, halafu akaacha kucheka nilipofika kwenye triga. Akachukua kisu, akakata kipande kidogo pembeni, akanionyesha kwenye mwanga. Katikati ya kile kipande palikuwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu. "Hii ni ngozi ya kromu," akasema, "ngozi ya juu ya kiatu. Imezaliwa laini. Wewe umeilainisha iliyo laini." Kisha akavuta kipande kingine kutoka chini ya meza, kinene, kigumu, akakikata: kahawia tupu mpaka katikati. Hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa magome, kama yale ya miti ya miwati ya Njombe. Ngozi ya magome ukiilowesha maji ya uvuguvugu inafinyangika, unaibana juu ya umbo unalolitaka, unaisugua kwa mfupa, unaiacha ikauke kivulini, na ikikauka inashika umbo lile kama udongo uliochomwa. Ya kromu ukiilowesha, ikikauka inarudi kuwa kitambaa.

Akanionyesha pia kilichokosekana mdomoni. Kava nzuri ya ngozi huwekewa ukanda wa pili wa ngozi kwenye mdomo, au kibati chembamba kilichoshonewa ndani, ili mdomo ubaki wazi hata bastola ikiwa nje. Yangu haikuwa nayo. Nilikuwa nimenunua rangi na mshono.

Kitu ambacho sikuwahi kuulizwa, wala mimi sikukiuliza dukani, ni hiki: bastola inarudije? Maswali yote yalikuwa ya kuchomoa. Inatoka haraka? Haikwami? Muuza duka aliichomoa mara tano mbele yangu kama mchezaji wa sinema. Mimi kwa miaka yote hii sijawahi kuichomoa kwa ajili ya mtu, na naomba nisije nikaichomoa. Kuirudisha, nimeirudisha kila siku niliyoibeba, mara nyingine nimechoka, mara nyingine gizani. Kama kuna saa ya hatari katika maisha ya bastola ya mtu kama mimi, ni hiyo.

Nikahama ngozi kwa hasira. Cha kwanza kilikuwa mfuko wa nailoni, ule unaouzwa kwamba unafaa bastola zote. Kinachofaa zote hakifai hata moja. Ulikuwa unajikunja kuliko ngozi yangu, na kile kimkanda chake cha kubana juu kilikuwa kinaning'inia palepale njiani mwa triga. Nilikaa nao siku nne.

Halafu kukawa na jaribio la bomba, ambalo mama watoto bado analisimulia kwa wageni. Kijana mmoja jirani, fundi bomba, alikuwa anatengeneza ala za panga na visu kwa vipande vya bomba la plastiki la maji: unalipasua kwa urefu, unalipasha juu ya jiko la mkaa mpaka linalegea, unalibana kati ya mbao mbili. Ala za visu ni nzuri kweli, wafugaji wanazinunua. Tukamtafuta seremala achonge mfano wa bastola kwa mti wa mninga, maana sikutaka ya kweli ikaribie jiko, tukabana bomba juu ya ule mti. Uani kulinuka plastiki mpaka kuku wakahama. Ikatoka kitu cha rangi ya kijivu kinachofanana na kopo lililokanyagwa. Niliijaribu na bastola tupu, ikashika. Nikaitundika kwenye msumari ukutani upande wa jua, na baada ya miezi michache ikapasuka yenyewe pale pa kupitishia mkanda. Jua la Dodoma na bomba la maji si marafiki. Ndiyo maana mabomba yanafukiwa.

Mwishowe nikaagiza ya Kydex. Hiyo ni plastiki ngumu inayotengenezwa kama mabapa, mchanganyiko wa akriliki na PVC, ambayo historia yake inaanzia Marekani mwaka 1965, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ndani ya ndege. Inapashwa moto inalegea, inabanwa juu ya umbo la aina moja ya bastola, inapoa imeshika kila kona. Ya Glock 19 haiingii bastola nyingine kwa raha, na hilo ndilo lililonivutia. Mdomo wake uko wazi siku zote. Umeitoa bastola, umekaa juu yake, umeikanyaga, mdomo uko wazi. Bastola ikirudi inasema *taki*, na unajua imefika. Triga imefunikwa na ukuta ambao hata ukiubonyeza kwa nje kwa kidole gumba haunepi.

Nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe nimebadilisha shida.

Vumbi kwanza. Mwezi wa Septemba Kibaigwa, malori yakishusha na upepo ukivuma, vumbi linaingia mpaka kwenye saa ya mkononi. Ndani ya ngozi vumbi linazama kwenye nyuzi, linakaa humo linakwaruza taratibu. Ndani ya plastiki linabaki juu, kati ya ukuta na slaidi, kile chuma cha juu cha bastola, na linakwaruza waziwazi. Baada ya mwezi slaidi yangu ilikuwa na mistari mitatu mieupe ubavuni. Lakini plastiki ina tiba ambayo ngozi haina: unaitia kwenye beseni la maji na sabuni, unaisugua kwa mswaki wa zamani, unaikung'uta, inakauka ukiwa bado unakunywa chai. Sasa naiosha kila Jumapili ya wiki niliyoivaa. Ngozi ukiifanyia hivyo umeiua.

Skrubu nazo. Holsta ya plastiki imeunganishwa kwa skrubu, na barabara ikikutikisa kutwa skrubu zinalegea. Moja iliniangukia mahali fulani kati ya Mbande na Pandambili. Nilishuka garini nikahisi kiuno kimelegea upande mmoja. Tiba nilipewa na mama watoto: tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kukaza. Mpaka leo skrubu zangu zina wekundu wa harusi, na hazijalegea tena.

Na usiiache kwenye dashibodi gari likiwa juani. Sikuiacha mimi, aliiacha mwenzangu mmoja ya kwake, na aliporudi mdomo ulikuwa umepanuka bastola inacheza ndani.

Lakini iliyonisumbua zaidi ni ile isiyozungumzwa dukani: plastiki haina huruma. Siku moja nilitoka sokoni moja kwa moja nikaenda msibani, jambo ambalo lenyewe lilikuwa kosa. Kwenye msiba silaha haina kazi, ningepita nyumbani kwanza. Wanaume tumekaa chini kwenye mikeka, miguu imekunjwa, na ile ncha ya juu ya holsta ikanichoma chini ya mbavu kama kiwiko cha mtu anayekugombeza. Nikasogea, ikasema *ta*. Nikasogea tena, ikasema tena. Mzee aliyekuwa pembeni yangu akageuka kuniangalia kiunoni, halafu usoni, halafu akaendelea kumsikiliza mchungaji. Nilitamani mkeka unimeze. Usiku nilipovua shati palikuwa na alama nyekundu upana wa kidole, na jasho lilikuwa limetengeneza vipele kuzunguka.

Nikamwendea baba mdogo kumsimulia yote, nikitarajia atasema nilikwambia. Hakusema. Alinisikiliza habari ya gesti mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na rivolva yake imefunguliwa, tupu, akaniwekea mezani pamoja na ile kava ya ngozi.

"Vuta," akasema, akinionyesha ukuta.

Nilivuta triga ile kwa kidole kimoja na nusura nitumie viwili. Ni ndefu na nzito, nyundo inapanda polepole nyuma unaiona kwa macho, kisha inaanguka. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini ngozi haikuwahi kumdhuru. Mdomo wake ni mnene kama soli, na hata ungejikunja, triga ile ingemnyima mara nyingi kabla ya kumkubalia. Tena yeye akirudisha rivolva huweka kidole gumba juu ya nyundo, ikianza kupanda anaihisi. Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa silaha yake. Aliupeleka kwenye yangu, na mimi nikaupokea bila kuuliza, kwa sababu mkubwa amesema.

Ila na yeye nilimkuta na lake. Kwenye kava yake kuna vitanzi vya ngozi vya kushikia risasi za akiba, na risasi sita zilizokuwa humo zilikuwa zimeota kutu ya kijani, nzito, zimegandana na ngozi hadi moja nikaitoa kwa kuizungusha. Dawa za kutengenezea ngozi zinazobaki ndani yake zinaila shaba nyeupe ya ganda la risasi taratibu, na za kwake zilikuwa zimekaa humo hata yeye hakumbuki tangu lini. Nikamwambia bastola na risasi hazilali ndani ya ngozi. Ngozi ni ya kutembelea tu. Akazitazama zile risasi muda mrefu. "Kumbe nilikuwa nimebeba shanga," akasema. Tukaziweka kando azirudishe polisi, maana risasi hazitupwi jalalani.

Nilichokaa nacho sasa ni mseto, na kilitoka kwenye meza ya fundi wa Majengo. Nilimpelekea ganda la Kydex lililofunguliwa skrubu. Akalikatia bapa la ngozi ya magome, nene, kubwa kidogo kuliko ganda, akalifunga kwa nyuma upande wa mwili. Bastola inaingia kwenye plastiki. Mbavu zangu zinagusa ngozi. Jasho lina pa kwenda, ule mlio umepungua nusu. Nilimsisitizia jambo moja, ngozi isipite mdomo wa plastiki hata milimita, upande wa triga, na akaikata mbele yangu mara mbili mpaka niliporidhika. Akataka 35,000, nikampa 40,000.

Ni yeye pia aliyeniambia kwamba nusu ya ugomvi wangu na kava zote ulikuwa wa mkanda. Nilikuwa navaa mikanda ya mtumba, laini, ya suruali za ofisini. Glock 19 iliyojazwa inakaribia gramu 850, na mkanda laini unaiacha inainama nje, inavuta suruali, kava inapinda na mdomo wake unapinda nao. Akanishonea mkanda wa ngozi mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo, upana wa sentimita nne. Hapo plastiki bado haijaifikia ngozi, kwa maoni yangu. Nimeona mikanda ya nailoni ngumu ya wazungu wa doria, lakini huwezi kuivaa ukaenda kanisani.

Kabla ya kuuamini ule mseto niliujaribu wiki nzima nyumbani, watoto wakiwa shule, risasi zikiwa chumba kingine kabisa. Bastola tupu ndani yake, nikaugeuza juu chini juu ya godoro nikautikisa: haikuanguka. Nikabonyeza kila upande wa triga kwa nje. Nikairudisha bastola nimesimama, mara mia na zaidi, kila mara nikitazama chini kwanza, shati nimelivuta kando kwa mkono wa kushoto, na kila ikigoma hata kidogo naitoa yote na kuanza upya. Huo mchezo wa kutoa na kuanza upya ndio niliokuwa naufundisha mkono. Mama watoto alipita mlangoni akasema ninaonekana kama mtu anayetafuta mahali pa kuficha simu.

Ile kava ya kwanza, ya alizeti, sikuitupa. Fundi aliukata mdomo ule uliokunjika, akashona upya chini ikawa nyembamba, na sasa inabeba bambo langu la kuchomea magunia. Mafuta hayajatoka. Kila nikichomoa bambo, sampuli ya kwanza ya mahindi inanukia alizeti, na wakulima wananiuliza kama nimechanganya magunia.